Koplo anamaliza jerikeni ya maji: nimwachishe dawa?

Daktari, jambo sana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tororo, mama wa watoto wawili, na shida yangu ni ya mbwa. Najua wapo watakaocheka kwamba mwalimu mzima amekosa la kuuliza. Wacheke tu. Mbwa huyu niliachiwa na marehemu baba, aliyetumikia jeshi miaka mingi na kumalizia kazi yake katika kambi ya Rubongi. Baba alistaafu akiwa sajenti, na siku alipomleta mbwa nyumbani akatangaza kwamba huyu hatapanda cheo kupita koplo. Jina likabaki hilo. Koplo ana miaka sita sasa, mbwa wetu wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Amri zake zote ni za gwaride. Ukimwambia "mguu sawa" anasimama kama nguzo, na ukisahau kumwambia "mguu pande" atakaa hivyo hivyo mpaka wewe mwenyewe umhurumie.

Mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, Koplo aliacha kula. Siku ya pili nikaona mkojo wake una rangi ya chai kavu iliyochemka mno. Nikamfungua mdomo: ulimi mweupe kama karatasi. Tulipanda naye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia ndani ya gunia, mpaka kwa daktari wa mifugo mjini. Alichukua damu, akaitazama kwa hadubini, akasema ni vijidudu vinavyoletwa na kupe. Akamchoma sindano, tukarudi nyumbani. Siku mbili baadaye alikuwa hawezi hata kuinua kichwa. Tuliporudi, daktari akapima tena, akasema chembe nyekundu zimeshuka hadi asilimia 14, na kwamba sasa adui si vijidudu peke yake: kinga ya mwili wa Koplo imegeuka inakula damu yake yenyewe. Akamtoa damu mbwa mmoja mkubwa wa jirani yake, akamwongezea Koplo. Kisha akatuandikia antibiotiki ya doksisaikilini ya wiki 4, na prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi. Koplo ana kilo 24.

Nilimshukuru Mungu mapema mno. Baada ya wiki mbili damu ilipanda hadi 31 na Koplo akaanza tena kuyabwekea malori ya Malaba. Daktari akasema turudi wiki inayofuata, apime tena ndipo aanze kupunguza dawa. Hatukurudi. Pesa zilikwisha, halafu nikapata msiba Busia.

Sasa nyumba yangu imebadilika. Anamaliza jerikeni ya lita 5 kwa siku na anakojoa sebuleni, mbwa ambaye tangu utoto hakuwahi kufanya hivyo. Nimeanza kumwondolea beseni la maji saa kumi jioni, lakini anakwenda kulamba maji ya kufulia. Anakula kila kitu. Aliiba donge zima la unga wa chapati nililokuwa nimekanda, na juzi alikula karatasi iliyofungiwa samaki. Usiku anahema kama aliyefukuzwa. Tumbo limefutuka, lakini mapaja ya nyuma yamekwisha, akipanda ngazi za baraza anateleza. Na wiki iliyopita alimngurumia mwanangu wa miaka 4 aliyepita karibu na bakuli lake. Koplo, ambaye mtoto huyo alijifunza kutembea akimshika sikio!

Mume wangu anasema mbwa alishapona, na sasa dawa ndiyo inayomwua. Nilipokuwa Busia siku tatu, hakumpa hata kidonge kimoja. Nilirudi nikamkuta Koplo amelala chini anatapika, miguu inatetemeka, hataki hata nyama. Nilimpigia daktari, akaniambia nimrudishie dawa siku ile ile, na kesho yake akainuka. Mume wangu anasema yale yalikuwa masalio ya ugonjwa. Yeye si mtu mbaya, Daktari. Hulala saa sita usiku kwa sababu ya mpira, na ndiye anayekuwa wa kwanza kukanyaga mkojo.

Kuna mengine. Jirani alisikia kwamba tuna vidonge vya "steroidi" akaniomba kumi, ampe binti yake anenepe kabla ya harusi. Na kwa kuwa Koplo anateleza, muuza duka la dawa alinishauri diklofenaki ya maumivu ya viungo. Nilimpa kidonge kimoja Jumamosi, sikuona tofauti.

Nimwachishe? Nimpunguzie mwenyewe kidogo kidogo? Au nimekataa tu kukubali kwamba mbwa wa baba amefika mwisho?

Mwalimu, Tororo

*

Mwalimu, jambo sana, na pole kwa msiba.

Barua yako sikuimaliza mara moja. Nilipofika kwenye ile diklofenaki nilichukua simu nikakupigia, nawe unakumbuka swali langu la kwanza halikuwa la salamu: kinyesi cha Koplo kina rangi gani? Ukasema kahawia. Nikapumua. Kingekuwa cheusi na chenye kunata kama lami, hiyo ingekuwa damu iliyotoka tumboni ikapita njia nzima ya utumbo, na ningekwambia upande bodaboda ile ile ya mwezi wa nne.

Nieleze kwa ajili ya wengine walio na kisanduku cha dawa jikoni. Diklofenaki na ibuprofeni sisi tunazimeza kwa mgongo na jino bila kufikiri. Tumbo na figo za mbwa hazizivumilii hata akiwa mzima. Prednisoloni nayo inadhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo. Ukizipa dawa hizo mbili nafasi ya kukutana, vidonda vinaweza kutokea haraka, na mbwa ambaye jana alikuwa na damu asilimia 14 hana damu ya kupoteza. Panadol pia usimkadirie kwa macho. Simlaumu sana yule muuzaji, yeye anajua watu. Ila miguu ya Koplo haiumi, Mwalimu. Inateleza kwa sababu nyama imepungua, na hakuna dawa ya maumivu inayorudisha nyama. Nafurahi daktari wako amemwongezea omeprazoli ya kulinda tumbo baada ya wewe kumweleza. Umweleze kila kitu, hata unachokionea aibu.

Sasa nije kwa mumeo, maana swali lako kubwa ni lake.

Anachokiona ni kweli. Kiu, mkojo, ulafi, kuhema, tumbo kufutuka, mapaja kwisha: karibu yote uliyoyataja ni kazi ya prednisoloni, wala si ugonjwa. Kosa lake ni moja tu. Ubaya anaouona ni wa dawa, lakini na uzima anaouona ni wa dawa pia. Koplo anayebwekea malori hajapona bado, ameshikiliwa. Kinga iliyokuwa inaua chembe zake nyekundu imelazwa usingizi, haijasahau. Kwa hiyo macho ya mumeo hayawezi kuamua, na macho yako yenye machozi ya baba nayo hayawezi. Kinachoamua ni tone la damu.

Dawa za ukoo huu zimewadanganya watu wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1948 huko Marekani, katika hospitali ya Mayo Clinic, madaktari walimchoma kotisoni mama mmoja aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa wa viungo. Katika muda wa siku chache akainuka akatembea. Mwaka 1950 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Nobeli. Na wakati dunia inapiga makofi, wagonjwa walikuwa tayari wameanza kuvimba nyuso, na wengine walioachishwa dawa maumivu yakawarudia vilevile. Miaka zaidi ya sabini imepita na ukoo huu wa dawa bado uko hivyo: unaokoa haraka, na unadai taratibu.

Zile siku tatu za Busia nazo zina maelezo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Ndiyo inayomsaidia mnyama kusimama wakati wa shida, kutunza sukari ya mwili, kushikilia nguvu. Ukimpa mbwa prednisoloni nyingi kila siku, tezi inaona kazi imefanywa na mwingine, inasinzia. Ukikata dawa ghafla, haiamki siku hiyo hiyo. Mwili unabaki bila homoni ya nje wala ya ndani. Kutapika, kutetemeka, kukataa nyama, kulala chini, ndivyo unavyokuwa, na mbwa anaweza kufa hivyo. Inawezekana pia kwamba katika siku zile kinga ilianza tena kula damu. Mimi niko mbali, siwezi kutenganisha hayo mawili kwa barua, na ndiyo sababu nyingine ya kupima. Lakini kwamba aliinuka kesho yake baada ya kurudishiwa dawa, hilo mwambie mumeo alitafakari mwenyewe, usimgombeze.

Kwa hiyo hapana, usimwachishe. Na kumpunguzia mwenyewe kidogo kidogo, hapana pia, ingawa hapo umekaribia ukweli. Dawa hii hushushwa kwa ngazi. Utaratibu wa kawaida kwa ugonjwa huu ni kusubiri damu ipite asilimia 30 na itulie hapo kama wiki mbili, kisha dozi inapunguzwa karibu robo. Kwa Koplo ingekuwa kutoka vidonge 8 kwenda 6. Baada ya wiki kama tatu, kama damu haijashuka, inapunguzwa tena, na kila ngazi ina kipimo chake kabla ya kushuka. Safari nzima huchukua miezi 3 hadi 6, wengine huzidi. Unaona basi: Koplo alikuwa mlangoni pa ngazi ya kwanza wiki mbili zilizopita, na kwa kuogopa gharama ya kipimo mmemwacha juu kabisa, kwenye dozi kubwa kuliko zote, anakojoa sebuleni. Mumeo anataka dawa ipungue. Njia ya kuipunguza inapita kwa daktari. Hapo mko upande mmoja, mlikuwa hamjajua tu.

Kipimo chenyewe madaktari hukiita PCV. Damu kidogo huwekwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mashine inauzungusha dakika chache, chembe nyekundu zinatulia chini, na daktari anasoma zimejaza sehemu gani ya mrija. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55 hivi. Mwambie daktari wako wazi kwamba pesa ni ngumu, mkubaliane apime PCV peke yake katika ziara za kati na vipimo vikubwa aviweke mbalimbali. Madaktari wengi wa mifugo tumelelewa na wafugaji wanaolipa kwa awamu. Hatushtuki.

Maji: rudisha beseni leo. Nimesoma pale unapoliondoa saa kumi jioni na moyo ukanishuka. Dawa inazifanya figo ziachie maji mengi, na kiu inakimbia nyuma kuyarudisha. Hanywi kwa sababu amekuwa mlevi wa maji. Ukimnyima, mkojo utaendelea kutoka na mwili utakauka, na figo zake tayari zilikuwa na kazi ya kuchuja mabaki ya damu iliyopasuka. Maji ya kufulia yana sabuni, yatamharisha. Lililo ndani ya uwezo wako ni mkojo utoke wapi. Kwa miezi hii alale barazani au jikoni penye sakafu ya saruji, juu ya gunia lililowekewa karatasi ya plastiki chini, si sebuleni. Atolewe nje kila baada ya saa chache mchana, na mara ya mwisho saa sita usiku. Nani yuko macho saa sita usiku pale kwenu? Mwenye mpira. Mpe kazi hiyo, ni ya dakika tano, na ataacha kukanyaga.

Dozi ikishuka, kiu nayo itashuka. Ikiwa dozi imeshuka na kiu inazidi, rudi kwa daktari, kwa sababu dawa hii inaweza kuamsha kisukari. Wazee walikuwa na kipimo chao: sisimizi wakijazana mahali mbwa alipokojolea, kuna sukari hapo. Si maabara, lakini ukiona hivyo usipuuze. Akikojoa matone matone kwa kujikamua, au mkojo ukawa na damu au harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo huenda ni maambukizi, na mbwa ambaye kinga yake imelazwa hawezi kuyafukuza peke yake.

Chakula ndicho nilichotaka kukaa nacho zaidi, maana hukukitaja na mimi nimeishi Uganda miaka yote hii, najua sufuria ya mbwa inavyojazwa. Posho (ugali) iliyobaki, juu yake mchuzi wa jana. Mwalimu, mchuzi wa jana una vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa au vya unga katika pakiti za viungo, vina kemikali inayoharibu chembe nyekundu za mbwa. Mbwa mzima anaweza kulamba kidogo usione kitu. Koplo, ambaye chembe zake zinahesabiwa moja moja, hapaswi kupata hata ukoko wa sufuria. Mpikie chungu chake mwenyewe, bila chumvi nyingi, bila viungo: posho kiasi, mukene (dagaa) waliooshwa vizuri mchanga ukatoka na kuchemshwa, yai la kuchemsha siku unapoweza, maini kidogo mara moja moja. Protini anaihitaji, kwa sababu dawa inabomoa nyama ya mapaja. Lakini mafuta ya nguruwe na ngozi za kuku waachie wengine, kongosho la mbwa wa dawa hii halipendi mafuta. Mifupa iliyopikwa pia hapana, inavunjika kama vijiti na tumbo lake sasa ni laini.

Njaa yake ni ya kweli kwake ingawa si ya kweli kwa mwili. Usimwongezee kila anapokutazama, ataishia kuwa pipa lenye miguu ya kuku. Gawa chakula cha siku sehemu tatu, na ujazie kwa boga lililochemshwa au dodo (mchicha), vinavyojaza tumbo bila kunenepesha. Vidonge vya asubuhi vifiche ndani ya donge la boga, avimeze akiwa ameanza kula, kamwe si kwenye tumbo tupu. Kama bado kuna doksisaikilini iliyobaki, nayo iende na chakula na maji nyuma yake, ikikwama kooni inachoma. Na takataka zako zipate kifuniko chenye jiwe juu. Ile karatasi ya samaki safari hii imepita salama.

Sasa mtoto. Hapa sitakuwa mpole. Mtoto wa miaka 4 na mbwa aliye kwenye prednisoloni hawakai pamoja wakati wa chakula, hata mara moja, hata kama walikua pamoja. Njaa ile inambadilisha mbwa, na wengine dawa inawafanya wakali au wenye hofu bila sababu. Koplo alinguruma, yaani alionya. Msimchape kwa kuonya, mbwa aliyefundishwa kutoonya anauma kimya kimya. Ale peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na bakuli liondolewe akiisha kula kabla mtoto hajapita. Ikitokea ameuma, iwe mtoto iwe mkubwa: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha moja kwa moja kituo cha afya, hata kama mbwa ana cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Na timu ya chanjo ikipita mtaani kwenu miezi hii, usimpeleke kabla ya kumuuliza daktari wake. Mbwa ambaye kinga yake iliwahi kumgeukia, chanjo hupangwa kwa hesabu. Kwa sasa abaki ndani ya ua, mbali na mbwa wa mtaani.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, tazama ufizi. Mbwa wetu wengi wana ufizi mweusi, kwa hiyo vuta chini kope la jicho au angalia ulimi. Unataka rangi ya waridi. Bonyeza sehemu isiyo nyeusi kwa kidole, uachie, rangi irudi kabla hujahesabu mbili. Weupe au umanjano, au mkojo kurudia rangi ile ya chai kavu, usisubiri jioni. Vilevile akianza kupumua kwa shida ghafla, ambako si kule kuhema kwa usiku ulikokuzoea: ugonjwa huu hugandisha damu ndani ya mishipa, na bonge likifika mapafuni ni suala la saa chache. Na homa ikirudi, daktari atazame tena damu kwa hadubini, kwa sababu vijidudu vya kupe vinaweza kujificha mwilini na kurudi wakati kinga imelala. Wewe ni mwalimu, una madaftari. Chora mistari: tarehe, vidonge, maji, rangi ya ufizi, kinyesi. Ukisahau kidonge asubuhi ukakumbuka jioni, mpe na chakula. Ukikumbuka kesho yake, usimpe mara mbili.

Kupe. Yule kahawia wa mbwa haishi kwa mbwa peke yake. Akishiba anaanguka na kupanda ufa wa ukuta wa kibanda, anatagia humo. Ziba nyufa, choma magunia ya zamani, na Koplo umkague kwa vidole masikioni na katikati ya vidole vya miguu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia, anaijua daktari kipimo chake.

Jirani na harusi yake, mjibu kwamba vidonge vya Koplo vimehesabiwa. Hiyo ni kweli, na inatosha kukataa bila ugomvi. Unene atakaoupata binti huyo ni wa kuvimba uso, na akizoea kuvimeza kisha akaacha ghafla anaweza kutapika na kutetemeka kama ulivyomkuta Koplo. Ukipata nafasi na binti mwenyewe, mweleze ulichokiona kwa macho yako.

Umeniuliza kama umekataa kukubali mwisho. Sitakudanganya: ugonjwa huu unaua mbwa wengi, na unaweza kurudi hata baada ya miezi ya amani. Lakini vifo vingi hutokea katika wiki mbili za mwanzo, na Koplo amezivuka, damu ikapanda zaidi ya mara mbili. Mbwa anayeiba donge zima la unga wa chapati hajaaga. Mapaja yatarudi polepole, hesabu miezi baada ya dawa kushuka. Kwa sasa mtembeze taratibu mara mbili kwa siku, barabara tambarare, si ngazi, na umwekee kipande cha gunia pale anapoteleza.

Daktari atahitaji uzito wake mpya kabla ya kuhesabu ngazi ya kwanza. Kama hamna mizani nyumbani, wafanyabiashara wa mahindi mjini wanayo ile ya kuning'iniza. Mfungeni ndani ya gunia safi, kichwa nje, na umwambie "mguu sawa" kabla hawajamwinua.